Dawa Inayomlegeza Baba Mumo

Mwala, Jumatano, Agosti 2002

Nimechoka hata kukasirika. Mume wangu aliacha dawa ya moyo wiki iliyopita bila kuniambia. Leo alipokuwa akichimba mtaro shambani, kifua kilimbana, akakaa chini akitokwa na jasho. Nilimwekea kile kidonge cha dharura chini ya ulimi, nikamshika mpaka maumivu yakatulia.

"Hiyo dawa ya kila siku inanilegeza, Mama Mumo," akasema. "Nikiimeza, jembe linanishinda."

Nilimpeleka hospitali. Daktari akamwambia kulegea huko ndiko kunakomlinda. Mishipa ya moyo wake imeziba kiasi, damu haiufikishii moyo hewa ya kutosha. Dawa inapunguza mapigo ya moyo ili hewa kidogo inayofika iutoshe. Moyo ukikosa hewa, sehemu zake zinakufa, na zikifa hazirudi.

Njiani kurudi nyumbani niliogopa kumuuliza anawaza nini.

Baada ya chakula aliomba maji, akameza kidonge. Kisha akasema, akitazama pembeni, "Kesho mwite ndugu yangu Kioko aje amalizie huo mtaro."

Tangu anioe hajawahi kumwachia mtu jembe lake. Niliingia jikoni nikalia.