Sentensi Niliyoiongeza kwenye Barua ya Papa Paluku

Alhamisi, mwezi wa kumi, alasiri. Joto kali. Mvua bado inatunyima, na vumbi jekundu limetanda juu ya karatasi zangu.

Kwako Shajara, pamoja na heshima zote unazostahili,

Kuhusu: hasira yangu, chanzo chake, na kosa lililomo ndani yake.

Nina heshima ya kukujulisha kwamba asubuhi ya leo nimemfokea mama mjane aliyekuja kuandikiwa ombi la cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Kosa lake lilikuwa kuniuliza kama ninaumwa. Nilimjibu kwamba mimi ni mwandishi, si mgonjwa wa kuangaliwa. Akainuka taratibu, akakaza kitenge chake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Papa, kama barua yako iko na kisirani hivi, batanyima mutoto ile karatasi."

Watu waliokuwa wakinunua mahindi pembeni walicheka. Mimi sikucheka.

Hasira ile haikumstahili. Naandika ili nijue inamstahili nani.

Kwa asiyenijua kati ya mnaosoma shajara hii mtandaoni: nina meza, viti viwili na mashine ya taipu kwenye baraza la depo, yaani ghala la bidhaa, la Papa Paluku, hapa Kampemba. Yeye ni mfanyabiashara wa jumla, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini. Baraza ni lake na kivuli ni chake. Kwa miaka sita ameniacha niketi pale, nami humwandikia barua zake.

Na kwa miaka miwili nampenda binti yake Masika, ambaye ndiye mshika funguo za depo. Naye ananipenda. Majina haya yote nimeyabadilisha, hata langu. Huo nao ni woga, naukiri.

Papa Paluku aliwahi kutamka mbele yangu kwamba mkwe atakayeingia kwake atasali katika kanisa lake na kumwamkia mama mkwe kwa lugha ya kwao. Mimi ni Mkatoliki, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga. Alicheka alipokuwa akisema hayo. Nikacheka pamoja naye, na kicheko changu kilikuwa kirefu kuliko chake.

Sasa nieleze ya Jumanne.

Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Sekreteri, leo unitengenezee barua muzuri kabisa. Bale bantu ba Makomeno balileta posa ya Masika. Siku ya posho banakuya kusikia jibu."

Siku ya posho ni Jumamosi, yaani keshokutwa. Desturi yenyewe inafahamika: jibu la posa huandikwa, kisha msemaji wa familia hulisoma kwa sauti mbele ya pande zote mbili, watu wakiwa wamesimama. Likishasomwa, hakuna tena wa kulirudisha.

Niliuliza: "Naye Masika, Papa?" Nikaongeza upesi: "Ni kwa ajili ya utaratibu wa barua tu."

"Masika iko mutoto wangu. Andika: famili inaitika. Weye njo unajua namna ya kusema."

Hayo tu ndiyo aliyoniagiza. Familia imekubali. Ningeandika hayo, nikapiga nukta, basi.

Lakini barua ya aina ile bila ridhaa ya binti ni barua inayochechemea, na mimi sijawahi kutoa barua inayochechemea. Isitoshe, niliogopa. Niliona kwamba vidole vyangu vikisita, mzee atainua macho, na akiinua macho ataisoma sura yangu. Kwa hiyo sikusita. Niliandika, bila kuamriwa na mtu yeyote:

"Binti yetu, baada ya kutafakari kwa utulivu, ameridhia kwa hiari yake mwenyewe."

Nilimsomea. Akapiga paja.

"Eh, Sekreteri! Hata miye nasikia butamu. Utazani ulimuuliza yeye mwenyewe!"

Nikamshukuru. Shajara, nilimshukuru! Kisha nikaiweka nakala kwenye faili, kama ilivyo kawaida yangu.

Jana Masika alipewa barua aitie kwenye bahasha. Akaisoma. Akatoka barazani na funguo mkononi, baba yake akiwa ndani anasimamia upakuaji wa magunia.

"'Baada ya kutafakari kwa utulivu,'" akasema polepole. "Baba hawezi kusema vile hata bamufundishe mwaka muzima. Ni weye."

Nilimweleza kwamba barua ya namna hiyo inahitaji ibara ya ridhaa.

Ndivyo nilivyomjibu mwanamke ninayempenda. Ibara ya ridhaa.

Akasema: "Baba hakuniuliza, bon, njo vile anaishi. Lakini weye, Ilunga, ulijibu na kinywa yangu."

Akaingia ndani. Tangu hapo hajanisalimu.

Mwanzoni nilimkasirikia yeye: kwa nini hakumwambia baba yake mapema? Kana kwamba mimi nilimwambia wangu. Nikamkasirikia huyo mposaji wa mtaa wa Makomeno, ambaye sijawahi kumwona, nikamtungia hata viatu vyake na jinsi anavyovifuta. Nikamkasirikia Papa Paluku, ambaye kwa miaka sita ananiita Sekreteri na hajawahi kuniuliza jina la baba yangu. Leo asubuhi ikawa zamu ya mama mjane. Hasira hizo zote zilinijia kwa wepesi, kwa sababu kila moja ilinipeleka mbali na meza yangu.

Mwenye kosa ameketi kwenye meza hii. Sentensi ile ni yangu, neno kwa neno, na nilijivunia mpangilio wake.

Mama mjane nilimfuata sokoni. Niliomba radhi, nikamwandikia ombi lake nikiwa nimesimama, mistari minne. Akaikunja karatasi, akaiweka kifuani.

"Kumbe, Papa, unajua na maneno mufupi!"

Niliporudi niliandika barua nyingine, nayo ni fupi. Inasema kwamba ibara ya ridhaa niliibuni mimi, kwamba Masika hakuulizwa, na kwamba naiondoa. Kesho asubuhi nitamkabidhi Papa Paluku mkononi, naye atatia saini kwenye nakala kwamba ameipokea. Akinifukuza barazani, nitabeba meza yangu. Kwa hilo siombi ruhusa ya mtu.

Lakini ataniuliza nimejuaje kwamba binti yake hakubali. Hapo sitatunga tena maneno kwa niaba ya Masika.

Masika, jina hili si lako, ila utajitambua. Wewe ndiye huufungua ukurasa huu kabla ya watu wote. Baba yako akiniuliza, nimwambie kwamba tunapendana, au nimwambie tu kwamba nilikosea?

Naomba uamuzi wako kabla depo haijafunguliwa.