Mishono Saba ya Buluu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na wanangu ambao bado sijawaona. Salamu za miaka sita zimerundikana, sijui nianze na ipi. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo iko juu juu tangu Jumatatu.

Bado nashona pale pale dirishani, na bado ni mimi peke yangu ninayetia mishono saba ya uzi wa buluu ndani ya pindo, upande wa kushoto, katika kila nguo ya watu wetu. Najua hukusahau: mwenye uzi ametengwa na Mungu awe wake, huyo tunakula naye. Asiye nao tunamsalimia na kupita.

Sasa sikia balaa. Mwezi uliopita nilipata kazi ya nje, aproni kumi na mbili za wanawake wa duka la mikate. Nilizipinda huku namsikiliza mama akiyalalamikia magoti yake, na mazoea yana taabu, dada. Mkono ulijiendea wenyewe. Zote kumi na mbili nilizitia uzi, wala sikujua mpaka Jumatatu.

Aliyegundua ni Mzee Miwani, yule yule kiongozi wetu aliyesimamia shauri lako. Alikwenda kununua mkate, muuzaji akainua aproni kufuta mikono, mzee akaona buluu. Basi akamwita dada katika Bwana, akavuta kiti, akala naye vipande vinne na vikombe viwili vya chai, akamsifu kwa kuishika imani hata penye unga na moto. Mama wa watu akamjibu kwamba imani yake yeye ni kuwahi kazini tu. Ndipo mzee akatazama nyuma ya kaunta, akaona wenzake nao wakifutia mikono aproni zenye uzi. Mama yetu aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza.

Mzee alikuja hapa, akasimama mlangoni, akakataa kuketi. Nilimwambia ni mkono uliokosea, akasema anaamini. Lakini Jumamosi nitasimama mbele ya watu wote, aniulize kama nimewahi kumtia uzi mtu wa nje kwa kujua. Sisi hatuapi, unakumbuka. Tunajibu ndiyo au siyo, basi. Nikisema ndiyo, uzi wangu utafumuliwa, na mama ninayekula naye sufuria moja itabidi achague kati ya meza yangu na watu wake. Ana miaka sabini na mbili. Nimekalia kuti kavu.

Utauliza kwa nini nisijibu siyo, yakaisha. Hapo ndipo ninapoogopa kuandika. Siku ile ulipokataa kumwacha shemeji asiye na uzi, mkasi nilipewa mimi. Ulifumba macho, nikafumua mishono yako mbele ya watu. Pindo likabaki linaning'inia, ukaniachia gauni nilishone, na kesho yake nikalituma kwako kwa mkono wa jirani. Hatujaonana tena.

Nililishona, dada, na ndani nikairudisha mishono yote saba. Niliificha katikati ya makunjo mawili asiione mtu, hata wewe. Mara ile mkono haukujiendea. Walisema Mungu ndiye aliyetutenga, nikaona mkasi wangu hauna ubavu wa kuitengua kauli yake. Kama lile gauni la kijivu bado unalo, fumua pindo utazame.

Jumamosi nitajibu ndiyo. Naogopa sana. Jana nilimweleza mama yote. Alisugua magoti yake, kisha akaniuliza nyumba yenu ina ngazi ngapi.

Nilimwambia sijui. Tafadhali nijibu hilo kwanza.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie wana mama mdogo anayejua kushona.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano