Valvu Zisizo na Maandishi

Jumamosi, alasiri. Mvua imekuja saa tisa, saa yake ya kawaida, na mabati yanapiga kelele kiasi kwamba siwezi kufanya mazoezi. Basi naandika. Nina jambo ambalo lazima niliseme kesho mbele ya watu, na nikiliandika kwanza labda halitanikwama kooni.

Kwa wiki nzima nimeamini kwamba nimeibiwa.

Wanaosoma hapa kila mara wanaijua amplifaya ya Kuka, lakini kama ni mara yako ya kwanza, ni hivi. Kuka ni babu yangu. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye shamba la Mzungu mmoja huko Lugari, na yule Mzungu alipohama alimwachia gita na sanduku hili la kutolea sauti yake. Ni sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cha kijivu, zito kama nusu gunia la mahindi, na upande wa nyuma liko wazi. Ndani kuna valvu nne, chupa ndogo za kioo ambazo ukiwasha stima hukaa kimya kwanza, kisha huanza kuwaka rangi ya makaa. Huwezi kuziharakisha. Kuka alikuwa akituambia, "Ngojeni ziamke."

Alifariki mwaka jana. Aliacha neno kwamba gita na sanduku ni vya Mmbone. Mmbone ni mimi. Niko kidato cha tatu, naishi na Kukhu, yaani nyanya yangu, na kila Jumapili napigia kwaya ya kanisa letu gita.

Mwezi uliopita amplifaya ilianza kupasua sauti katikati ya nyimbo. Kukhu alisema ataipeleka kwa Fundi Shitandi kule Shirere. Mimi sikufurahi. Nimesikia mengi kuhusu mafundi: unapeleka redio nzima, inarudi na roho ya redio nyingine. Kwa hiyo jioni moja nilichukua simu ya Kukhu, nikapiga picha za nyuma ya sanduku. Kila valvu ilikuwa na vumbi lake, na chini ya vumbi maandishi meupe: jina la kiwanda, herufi na namba. Nilijiona mwerevu sana. Kesho yake, mimi nikiwa shule, Kukhu aliipakata kwenye boda boda hadi Shirere.

Niliporudi nilimuuliza, "Huyo fundi anaonekana mwaminifu?"

"Alinipa kiti," akasema Kukhu. Kwake hiyo ilitosha.

Jumamosi iliyopita nilienda kuichukua. Fundi Shitandi ni mzee mwembamba aliyesomea kazi yake chuo cha Sigalagala zamani, na hazungumzi sana. Hilo pia niliandika dhidi yake. Nilifika nyumbani, nikaichomeka, nikangoja ziamke.

Mngurumo haukuwepo.

Tangu nilipokuwa mtoto, sanduku hili limenguruma. Kabla Kuka hajagusa waya wa kwanza, kulikuwa na ile sauti ya chini, kama mtu mzima anayesafisha koo chumba cha pili. Nililala usingizi mara nyingi nikiisikia. Sasa kulikuwa kimya. Nilipiga noti moja, ikatoka safi. Safi mno. Nilizima, nikachukua tochi, nikaangalia nyuma.

Valvu zote nne zilikuwa zinang'aa, na hazikuwa na maandishi hata herufi moja.

Mwalimu wetu wa Kemia anatuambia tuandike tulichoona kwanza, hitimisho baadaye. Nilifungua kurasa za mwisho za daftari la somo lake na nikachora jedwali. Mngurumo umeondoka. Maandishi yameondoka. Harufu ya vumbi imeondoka. Fundi hatazami mtu usoni. Ameacha takataka zake ndani ya sanduku, kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba. Nilijaza jedwali lote kwa mwandiko mzuri, na sasa nikiliangalia naona kwamba hitimisho nilikuwa nimeliandika juu kabisa, kabla ya yote, na nikalipigia mstari: AMEBADILISHA VALVU.

Binamu yangu wa Nairobi aliwahi kuniambia kuna watu huko wanazitafuta valvu za zamani kama dhahabu. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya, nilimwambia Mwalimu Jesca. Ndiye anayetuongoza, na yuko kwenye kamati ya kanisa. Kamati hiyo ilikuwa imekubaliana kumpa Fundi Shitandi kazi ya kutengeneza spika zote za kanisa. Nilimwonyesha picha. Nilimwonyesha jedwali.

Alivua miwani, akaniangalia. "Mmbone, wewe si mtoto wa kusema ovyo. Ukisema hivi, mimi nakuamini. Jumapili tukikaa baada ya ibada, nitawaambia hiyo kazi apewe mtu mwingine."

Wasichana wa sauti ya pili walikuwa wamesimama karibu. Walijifanya wanatafuta ukurasa kwenye vitabu vya nyimbo, lakini hakuna aliyefungua kitabu.

Niandike ukweli: nilijisikia mkubwa. Nilitembea hadi nyumbani kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Lakini shaka ni kitu cha ajabu. Ukishaikaribisha haikai kiti kimoja. Usiku wa Alhamisi nilijiuliza mbona fundi mwizi ang'arishe valvu alizoweka badala ya alizoiba. Jana, darasani, nilijiuliza mbona sikumuuliza mwenyewe. Asubuhi ya leo nilichomoa valvu moja, nikaifunga ndani ya soksi ya shule, nikaenda Shirere kwa miguu. Nilijiambia naenda kumkamata. Nadhani kwa kweli nilikuwa naenda ili anitulize.

Kibanda chake kiko kando ya nyumba za kupangisha za wanafunzi. Mlangoni mwake kuna mama anayechoma mahindi. Alinitazama, mimi na soksi yangu.

"Fundi! Leo umeletewa askari. Ona vile amekaza uso!"

"Mwache aingie," akasema Fundi Shitandi bila kuinua kichwa. "Huyo ni mjukuu wa mwenye gita."

Nilisimama. Kiti kilikuwepo, nikakataa kukaa. Nilitoa valvu, nikatoa simu, nikaweka vyote mezani pake kama wakili. Nilisema, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi njiani, "Fundi, naomba unielezee. Hii si ile tuliyokuletea."

Hakukasirika kuhusu hilo. Alikasirika kuhusu soksi.

"Wewe mukhana, msichana kama wewe, umechomoa hii mwenyewe?"

"Nilikuwa nimezima stima."

"Umezima! Hiyo sanduku hukaa na stima ndani hata ukizima. Ingekurusha hadi kwa huyu mama wa mahindi."

"Na mimi singemdaka!" mama akasema kutoka nje. "Nina moto hapa."

Fundi alisukuma kiti kuelekea kwangu kwa mguu. Safari hii nilikaa. Alifungua mkebe wa majani chai uliojaa valvu zilizokufa, akachagua moja yenye maandishi meupe yanayosomeka vizuri, akanipa. "Pitisha kidole."

Nilipitisha kidole gumba. Mara moja tu, bila nguvu. Herufi zikaondoka kama unga.

Niligeuza kidole; kilikuwa cheupe.

"Wino wa hizi za zamani haukushika kioo," akasema. "Mimi huzishikanga hapa chini tu. Sasa leta hiyo picha yako. Kuza. Usiangalie nje, angalia ndani ya kioo, huko juu."

Ndani ya kila valvu, upande wa juu, kuna doa la fedha kama kioo cha kujitazamia. Sikuwahi kulijali. Kwenye picha, chini ya vumbi, doa la valvu yangu lilikuwa na pengo upande mmoja, kama chapati iliyong'atwa. Niliinua valvu iliyotoka kwenye soksi.

Pengo lilikuwa pale pale. Umbo lile lile, hadi ncha yake ndogo iliyopinda.

"Ya nje mtu atapanguza," akasema. "Ya ndani atapanguzaje?"

Niliuliza kuhusu mngurumo. Sauti yangu ilikuwa imepungua sana.

"Huo ulikuwa ugonjwa. Kapasita, vile vidude vya kuhifadhi stima, zilikauka miaka mingi. Babu yako alizoea, na wewe ukazaliwa ukaukuta. Zile mbovu si nilikurudishia? Kwenye gazeti, ndani ya sanduku. Mimi sirudishi kazi bila kurudisha mifupa yake, ndiyo mtu asiseme Shitandi amekula."

Takataka zake. Mstari wa tano wa jedwali langu.

Kisha yeye akaniuliza. "Lakini ni nani aliipanguza? Ilifika hapa ikiwa safi kama sahani ya Krismasi. Nilifikiri ni wewe."

Nilisema sijui. Nilishukuru, nikasimama. Na hapo ndipo aliponimaliza. Alinionyesha roli mbili mpya za waya chini ya meza. "Salimia Mwalimu Jesca. Mwambie waya za kanisa niko nazo tayari. Jumatatu naanza."

Nilifungua mdomo. Mama wa mahindi alikuwa ananitazama. Niliufunga mdomo na nikaondoka.

Nilimkuta Kukhu nyuma ya jikoni akichambua mboga za kunde. Sikukaa hata. "Kukhu, ile siku ulipeleka sanduku kwa fundi, uliipanguza?"

"Niliipanguza aje? Niliiosha." Aliendelea na mboga. "Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha pamba. Hata zile chupa za ndani, moja moja. Kulikuwa na vumbi ya hata kabla mama yako azaliwe."

"Kwa nini, Kukhu? Ilikuwa inaenda tu kutengenezwa."

Hapo ndipo alipoacha kuchambua.

"Mwana wanje, kitu hakitoki kwangu kwenda kwa daktari na uchafu. Hata Kuka wako, siku ile ya kumpeleka hospitali ya Iguhu, nilimwosha kwanza. Hadi katikati ya vidole vya miguu. Dereva alikuwa anapiga honi, nikamwambia apige tu."

Nakumbuka ile honi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na blanketi mkononi, na nilikuwa na hasira kwa sababu nilifikiri tunachelewa. Nilikuwa sijui ni nini kilichokuwa kinafanyika chumbani.

Kuka hakurudi kutoka Iguhu. Sanduku lake limerudi kutoka Shirere.

"Kwani niliharibu?" Kukhu aliuliza.

"Hukuharibu, Kukhu. Inafanya kazi."

Huo si uongo. Nimekaa hapa nikilichunguza jibu hilo pande zote na sioni uongo. Maandishi ndiyo yameondoka, na Kuka hakuwahi kuyasoma. Siku moja nitamweleza asioshe kioo tena, au labda sitamweleza. Nitafunga tu upande wa nyuma kwa kitambaa.

Nimefungua kile kifurushi cha gazeti. Mifupa iko yote ndani, vidude vitano vyenye rangi ya udongo, viwili vimevimba tumbo. Nimevihifadhi kwenye mfuko wa gita. Sijui kama ni vibaya kupenda ugonjwa wa kitu, lakini nimevishika muda mrefu, kwa sababu ndani ya hivyo ndimo ulimokuwa ule mngurumo.

Jedwali nimelikata kutoka kwenye daftari la Kemia. Sikulichoma. Nitalibeba kesho.

Kinachonitisha si kumwambia Mwalimu Jesca peke yake. Kinachonitisha ni lile neno lake: mimi nakuamini. Aliamini kwa sababu sisemi ovyo. Miaka yote nimejenga jina hilo, na mara ya kwanza nilipolitumia kwa jambo kubwa, nilimwangushia mzee aliyenipa kiti. Baada ya kesho, labda nikisema kitu, Mwalimu Jesca atauliza maswali kwanza. Nafikiri ni sawa aulize. Wiki hii ningefurahi kama angeniuliza.

Na Jumatatu lazima nirudi Shirere, nimwambie Fundi Shitandi mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu wa sauti ya pili.

Mvua imepungua. Fundi amenikataza kugusa valvu tena, lakini ile moja ilikuwa lazima irudi mahali pake, na nimeirudisha nikiwa nimeishika chini tu, kama anavyofanya yeye. Nimewasha. Chupa nne, hazina jina la mtu, zimekaa kimya kwanza kama kawaida yake.

Hapo ndipo nimepata wazo. Kesho asubuhi kwaya inakutana kabla ya ibada. Nikiwasha sanduku, kuna ile dakika moja ambayo siwezi kupiga chochote. Zamani mngurumo ulikuwa ukiijaza. Sasa ni kimya kitupu, na kila mtu huwa ananitazama, sauti ya kwanza, sauti ya pili, na Mwalimu Jesca mbele yao. Siku zote nimejifanya narekebisha mkanda wa gita hadi ipite.

Kesho sitagusa mkanda. Nitasema katika dakika hiyo, yote, na jina la Fundi Shitandi nitalitaja kwa sauti. Kisha zikiamka, nitapiga.