Ufa wa Miaka Sita

Swahiba, leo sikuwa na miwani, sikuwa na ruhusa, wala mtu wa kunishika mkono. Plasta nilikuwa nayo.

Pale ninapojifunza kazi, kwenye jumuiya ya kuhifadhi majumba ya kale, nimeona ufa ukutani. Nikauziba ukapendeza.

Mkurugenzi, rika la mjukuu wangu, akauliza, "Babu, ufa uko wapi?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Babu, tumeupima miaka sita, tujue kama ukuta unasogea."

"Basi sasa hausogei."

Miaka sita, swahiba. Wanapima ufa.

Kasema niwaandikie wafadhili kujieleza, la sivyo nafasi sina. Nimeomba radhi mstari mmoja, nikaisifu plasta mistari minne. Bahasha nimeigundisha, tarishi kaondoka nayo.