Sukari Yako Ndani ya Uji wa Mama

Nchelenge, 9 Agosti 1956

Yaya Kasonde, mkubwa wangu,

Sukari uliyotuma kutoka Elisabethville ilifika, lakini mama aliikataa. Alisikia sokoni kwamba inasafishwa kwa mifupa. Tangu mudogo wetu Zacharia azame ziwani, mama hagusi samaki, nyama, hata asali, kwa sababu ni jasho la nyuki. Anataka miwa tu, na miwa imeisha.

Basi nilitia sukari yako katika uji, nikamwambia ni maji ya miwa. Alimaliza bakuli, akanitazama.

"Felistus, kama unanidanganya hivi bila kupepesa macho, kweli mwili wa Zacharia hawakuuona?"

Waliuona, yaya. Wajomba walimuzika kwa siri kisiwani Chisenga, kwa sababu samaki walikuwa wamemuharibu uso. Hata wewe tulikuficha.

Njoo umwambie mama wewe. Ulimi wangu ameshauonja, hauamini tena.

Mudogo wako,
Felistus