Mafundi Walio Mguuni mwa Matata

Mtaa wa Waswahili,
Muyinga.
14 Novemba 1986

Mpendwa mwanangu Riziki,

Assalam aleikum. U mzima? Na baridi ya Gitega inakuacha ulale? Sisi hapa hatujambo, mvua imetukumbuka. Ni mimi shangazi yako Salama, na safari hii siombi kitu, kwa hiyo soma bila wasiwasi.

Asante, mwanangu. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitalia, karatasi ilowe.

Unamjua mume wangu Matata. Maisha yake yote anachomelea fremu za baiskeli, na fremu ikishapoa huibebesha gunia aone kama imeshika. Ndiyo maana alipovunjika mguu aliikata plasta kwa msumeno wake, akasimama na gunia la maharage begani. Mfupa ukaachana tena. Tulipomkimbiza huko Gitega, daktari akaniambia ukivunjika mara ya tatu huenda mguu ukakatwa. Sikujua nitamlazaje mtu yule kitandani. Maneno yangu ameyazoea kama kelele za sufuria.

Wewe ulimwonyesha. Ulimchukua na magongo yake hadi shuleni unakofundisha, ukamwinamisha kwenye hadubini atazame kipande chembamba cha mfupa wa ng'ombe. Nami nilichungulia. Niliona duara ndani ya duara, katikati tundu la kupitia damu, na pembeni vijumba vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba mno. Ukatueleza kwamba mfupa ukiwa mwilini, kila kijumba kina chembe hai inayoutunza, na chembe nyingine hujenga palipovunjika.

Tulipofika nyumbani aliegemeza magongo ukutani. Ndipo akasema, "Kumbe mfupa si chuma. Iko na mafundi ndani, na mi niliwabebesha gunia kazi haijaisha." Nilicheka, lakini tangu hapo alitulia kitandani. Mteja akija kumsumbua, anamwambia fundi haharakishwi.

Sasa plasta imetoka, na safari hii ameitoa daktari. Ijumaa iliyopita alitembea kwenda msikitini kwa miguu yake miwili. Njiani akaketi juu ya jiwe. Nikamuuliza kama mguu unauma.

"Hapana, Mama Hamissi. Mi sijachoka," akasema. "Nawapumzisha wao."

Nikaketi kando yake, nikakuombea dua.

Nisalimie mumeo Zuberi na mtoto Amisa. Hamissi anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuzidishie nuru ya macho na mikono yenye heri.

Wako akupendaye daima,
Shangazi Salama