Jina Wanaloliruka

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mtoto analia tu. Nimemkanda tumbo, nimempa titi — wapi! Mama mkwe, Mama Lornah, amefika hapa Kaloleni kutoka Kombewa na kuku mkononi. Kauli yake: huyu si mgonjwa, kuna marehemu wa ukoo anataka mtoto apewe jina lake; likitajwa, kilio kitakoma. Kwetu Bungoma mambo haya yapo pia. Sikucheka.

Jumanne, 5 Machi
Mama anaita majina ya wafu wao, moja moja, akimtazama mtoto. Oluoch — kilio. Gordon — kilio zaidi! Mume wangu akaropoka kwamba kuna mmoja amerukwa. Mama akawaka: “Nyamaza, Calvince! Hiyo jina haiwezi tajwa mbele ya mtoto.”

Alhamisi, 7 Machi
Nimembana Calvince mpaka akasema. Ni Achola, babu wa baba yake. Mnyongaji wa mkoloni! Eti alikuwa akikutazama tu, anajua uzito wako na kamba ya kukutosha. Kombewa watoto bado wanatishwa: kula, ama Achola akupime. Alipokufa, hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Mwenye jina hilo nani atampa binti yake?
Kliniki leo, daktari hakuona ugonjwa. Lakini uzito umeshuka! Nesi alimtundika kwenye ile mizani ya ndoano, akawa anabembea pale. Akanyamaza. Mara ya kwanza wiki hii. Nilimnyakua hata kabla nesi hajamaliza kusoma.

Jumamosi, 9 Machi
Majina yameisha. Mama anaomba kwa magoti. Mtoto sauti imekauka, mdomo tu ndio unalia. Titi hataki. Naogopa, naogopa sana. Heri nusu shari kuliko shari kamili — lakini ni mwanangu, atatembeaje Kombewa na jina hilo?

Jumapili, 10 Machi
Wameenda kanisani. Nilifunga mlango, nikamwinamia sikioni. “Achola.”
Kimya. Papo hapo!
Ananyonya sasa, naandika kwa mkono mmoja. Nimelia kwa furaha. Ananyonya macho wazi. Hanitazami usoni. Anatazama shingo yangu.
Geti limelia. Wamerudi. Mama yuko mlangoni, anauliza mbona nyumba imenyamaza, Agneta, umemwita nani —